Mstari wa Ishirini na Nne

Wifi yangu ameosha vyombo vya kioo vya maabara ya shule ya wasichana kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo amevunja vinne tu. Ukimuuliza atakutajia kimoja kimoja, mwaka na sababu, kama mzazi anayetaja watoto wake. Wanafunzi wanamwita Mama Chupa. Wanadhani hajui. Yeye anawaacha wadhani hivyo, kwa sababu, anasema, siku wakijua kwamba anajua watatafuta jingine baya zaidi.

Ni dada wa mume wangu, kamzidi miaka mitatu, na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa marefu. Akirudi anakaa siku kumi, nane kati ya hizo analala. Watoto wao watatu wameshaoa na kuolewa. Kwa hiyo alasiri nyingi, akitoka kazini, wifi anapitia kwangu na kukaa nami barazani wakati nashona. Mimi nashona sare za shule na mashuka ya zahanati, yeye anaongea. Ndivyo tulivyogawana kazi.

Pale shuleni alianza kama mfagizi. Alipewa ndoo, ufagio na korido mbili. Msimamizi wa maabara wa wakati ule, mzee mkali ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, alimwona siku moja anavyosugua kioo cha dirisha mpaka pembeni ambako watu huacha, akamwambia, "Wewe njoo huku." Tangu siku hiyo kiti chake kikawa stoo ya nyuma ya maabara, kando ya beseni la kuoshea, na mlango wa stoo ile haujawahi kufunga vizuri. Somo lote la kemia linapita kwenye upenyo wa mlango.

"Somo moja nimelisikia mara ishirini na mbili," huniambia. "Hata kasuku angefaulu."

Wote wawili tulikomea darasa la saba. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilipotoka shule nilitoka kabisa, yeye alirudi kwa mlango wa nyuma akiwa na brashi mkononi.

Nakumbuka mara ya kwanza aliponieleza habari za elektroni. Nilikuwa natia vifungo kwenye mashati ya sare, kinywani nimebana pini.

"Wifi, hicho kifungo kina nini ndani yake?"

"Kina matundu manne. Zaidi ya hapo sijui."

"Kina atomu. Na kila atomu ina kiini katikati na elektroni kukizunguka. Na kila elektroni ina namba nne, namba za kwantamu, kama vile wewe una mtaa, nyumba, chumba na upande wa kitanda."

Nikatoa pini kinywani. Alianza kuhesabu kwa vidole. Namba ya kwanza inasema elektroni iko tabaka gani, karibu na kiini au mbali. Ya pili inasema umbo la mahali inapokaa, na mahali hapo panaitwa obitali: kuna zilizo mviringo kama mpira, kuna zinazofanana na maputo mawili yaliyofungwa pamoja kwenye fundo, na nyingine zina mabawa zaidi. Ya tatu inasema obitali hiyo imeelekea wapi. Ya nne ni ya elektroni yenyewe. Wanaita mzunguko, nao ni wa aina mbili tu, kwa hiyo kwenye vitabu wanachora mshale wa juu au mshale wa chini.

"Na hakuna elektroni mbili katika atomu moja zenye namba zote nne sawa," akasema. "Zikilingana tatu, ya nne lazima itofautiane. Ndiyo maana obitali moja hukaa mbili tu, moja juu, moja chini."

"Na ikija ya tatu?"

"Inakuta pamejaa, inatafuta pengine."

"Hazigombani?"

"Elektroni zina adabu kuliko ndugu zako."

"Ndugu zangu hawana neno. Wenye neno ni wa upande wa mume wangu, na dada yao mkubwa ndiye kiongozi."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaendelea, maana wifi akianza jambo halikatiki. Elektroni zinajaza za chini kwanza, zile zenye nishati ndogo, ndipo zinapanda. Zikikuta obitali kadhaa za kimo kimoja, hazirundikani. Kila moja inachukua yake kwanza, na zikishaenea ndipo zinaanza kukaa mbili mbili. Nikamwambia basi ni kama watu wanaosubiri zahanati: benchi zikiwa wazi kila mtu anakaa ya kwake, hakuna anayekwenda kujibana na asiyemjua. Akanitazama kama mwalimu anayetazama mtoto wa nyuma aliyejibu.

Sasa nieleze habari ya chati, kwa sababu ndiyo iliyotaka kumponza.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mchwa walipanda ukuta wa maabara na kula chati ya karatasi iliyokuwa nyuma ya darasa. Ilikuwa na atomu thelathini za kwanza, kila moja na mstari wake: namba, jina, na visanduku vyenye mishale kuonyesha elektroni zimekaaje. Shule haikuwa na nyingine. Wifi akaokota kilichobaki, akaja kwangu akaomba shuka jeupe. Nilimpa moja la zahanati lililokosewa kipimo. Akalitandika mezani kwangu, akachukua rula, wino na brashi nyembamba, akaanza kunakili. Alinakili majuma matatu. Mkono wake haukutetemeka hata mara moja. Mistari yake ungedhani imepigwa kwa mashine.

Alipofika mstari wa ishirini na nne aliniita.

"Njoo uone. Mchapishaji alisinzia hapa."

Nikaacha cherehani. Akanionyesha. Mstari wa ishirini na tatu, kisanduku cha pembeni kilikuwa na mishale miwili, na vile vitano vya juu vilikuwa na mitatu. Mstari wa ishirini na tano, miwili na mitano. Kwa hiyo huu wa katikati, ulio wa kromiamu, ungekuwa na miwili na minne. Lakini karatasi ilionyesha mmoja na mitano. Hata mimi niliona. Ilikuwa kama mshono uliokwenda vizuri kisha sindano ikaruka hatua moja.

"Ningekuwa mimi ningefumua nirudie," nikasema.

"Ndivyo nitakavyofanya."

Akaurudisha mshale mahali pake. Mbele, kwenye mstari wa ishirini na tisa ulio wa shaba, akakuta tena kitu kilekile, akarekebisha tena, akacheka kwamba mchapishaji huyo bila shaka alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Chati ikatundikwa nyuma ya darasa, karibu na mlango. Walimu huangalia kitabu, wanafunzi huangalia ubao, na mwalimu wa kemia wa sasa macho yake hayasomi maandishi ya mbali. Lakini mwalimu akichelewa au akiwa na udhuru, wasichana hugeuka na kunakili chati ya Mama Chupa, kwa kuwa inasomeka kuliko kitabu.

Mwaka huu yule mzee msimamizi alistaafu. Wifi akashika kazi zake zote, bila cheo. Funguo za kabati za tindikali alikuwa nazo yeye, daftari la vyombo lilikuwa kwake. Kisha ikatoka habari kwamba nafasi itajazwa rasmi: afisa kutoka ofisi ya elimu atakuja Jumanne kumsaili, na kama hataridhika ataleta kijana mwenye cheti. Kijana akija, wifi anarudi kwenye ndoo na korido mbili, na ana miaka hamsini na minne.

Mkuu wa shule, mama mmoja mpole anayesema taratibu, alimwita ofisini. "Cheti huna," alimwambia, "lakini kazi unayo. Nitamwonyesha chati yako. Mtu aliyechora vile haachwi."

Wifi alikuja kunieleza akitembea kama aliyevaa viatu vipya. Mimi niliomba Mungu, kisha nikaanza kuogopa, kwa sababu sijawahi kuona neema ikija mlangoni kwetu bila kwanza kukanyaga kitu.

Jumamosi mchana binti yangu, kitindamimba, alikuwa barazani na kitabu alichoazima maktaba. Yuko kidato cha tano katika shule hiyohiyo. Wifi alikuja na mfuko wa vibanio vya nguo na kamba za katani, akafunga kamba kutoka nondo za dirisha hadi nguzo ya baraza: moja chini kidogo, tano juu yake, hizo tano zote kimo kimoja.

"Kibanio kinachosimama juu ya kamba ni mshale wa juu," alisema. "Kinachoning'inia ni mshale wa chini. Haya mwanangu, nijazie. Za ndani zaidi tuseme zimeshajaa. Anza na ishirini na moja."

Walicheza hivyo kama watu wanaocheza bao. Ishirini na moja: viwili chini, kimoja juu. Ishirini na mbili, ishirini na tatu. Kwenye ishirini na nne binti akasita.

"Shangazi, kitabu kinasema chini kimoja, juu vitano."

"Hicho nacho? Wachapishaji hawa hawa! Hata karatasi ya zamani ilikuwa na kosa hilohilo, nikalirekebisha."

Binti akanyamaza. Ni mtoto mwenye heshima, na kunyamaza kwake kunanitisha kuliko kelele za wengine. Aliingia ndani akatoka na daftari la rafiki yake, ambalo ndani yake palibandikwa ukurasa wa kitabu kingine kabisa. Akauweka mapajani mwa shangazi yake. Chini mmoja, juu mitano. Na shaba: chini mmoja, juu kumi.

Wifi alisoma. Akasoma tena, akifuata kwa kidole.

"Wachapishaji wawili hawasinzii mstari mmoja," akasema.

"Hapa wameeleza, shangazi. Wanasema ndivyo zilivyo hasa. Zikiwa tano, kila moja na yake, kunakuwa na utulivu zaidi. Ya shaba vilevile, zikijaa zote kumi."

Wifi alibaki ameshika kibanio. Kisha akauliza lile ambalo mimi sikulifikiria kabisa. "Mliulizwa hili kwenye mtihani wa majaribio?"

Binti akatazama sakafu. "Swali la tano. Alama mbili."

"Mkajibu nini?"

"Kama chati. Karibu darasa zima. Mwalimu alitukaripia, akasema sisi ni wazembe, hatufungui vitabu."

Wifi alivibandua vibanio kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akaenda kwake. Hakuaga. Kamba alituachia.

Jumapili nilimfuata. Nilimkuta anapiga pasi gauni lake la kazi, akipita palepale mara tatu.

"Wifi," nikamwambia, "nisikilize mimi mwoga. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyeona. Siku mbili zaidi si kitu. Jumanne ipite, upate nafasi yako, halafu Jumatano upande ngazi na brashi yako urekebishe, nani atajua?"

"Mficha uchi hazai."

"Wewe umeshazaa watatu, unataka wa nini tena?"

Alicheka, nikafurahi, nikadhani nimemshinda. Lakini akaweka pasi pembeni.

"Wale watoto wameitwa wazembe," akasema. "Uzembe si wao. Na si wa mwaka huu tu. Sijui ni wangapi. Nimekaa usiku kucha nawahesabu, wamenishinda."

"Ulirekebisha kwa nia njema. Hata mimi nilikwambia fumua."

"Ndiyo, nawe una lako." Akanielekezea kidole. "Jumanne utakuja nami. Si una makoti ya maabara ya kupeleka?"

Kweli nilikuwa nayo kumi na mawili, yameshonwa, yamekunjwa. Sikuwa na pa kukimbilia.

Jumanne asubuhi niliketi kwenye benchi la korido, makoti mapajani, chini ya dirisha la maabara lililo wazi. Sikusikiliza kwa ubaya. Dirisha lilikuwa wazi tu, na mimi nina masikio.

Ndani walikuwa wanne: mkuu wa shule, mwalimu wa kemia, afisa, na wifi. Afisa alikuwa mtu mwembamba mwenye suti iliyomlegea, na sauti ya mtu aliyekwisha kuamua na anamalizia tu utaratibu. Akamuuliza jinsi ya kuzimua tindikali. Wifi akajibu kwamba tindikali ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, na kamwe si maji kwenye tindikali, na akafanya mbele yao. Akamuuliza tindikali ikimrukia mtoto afanye nini. Maji mengi, papo hapo, mengine baadaye. Akamwambia ataje vyombo kabatini bila kufungua. Akavitaja, rafu kwa rafu, pamoja na bikari moja yenye ufa ambayo ameitenga isitumike.

Nikasikia sauti ya afisa imelegea kidogo. Moyo wangu ukaanza kukaa.

"Na hiyo chati nyuma," alisema mkuu wa shule, "ameichora mwenyewe kwa mkono."

Viti vikasogea. Nikasikia viatu vya afisa vikienda nyuma ya darasa. "Mwenyewe? Kwa mkono? Hii ni kazi ya..."

"Usiisifu kwanza, mheshimiwa," wifi akasema. "Ina makosa mawili, na yote nimeyatia mimi."

Nilikunja koti lililokuwa limeshakunjwa.

Kisha mwalimu wa kemia, kwa sauti ndogo: "Makosa gani? Mimi nipo hapa mwaka wa nne."

"Mstari wa ishirini na nne na wa ishirini na tisa, mwalimu. Chati ya zamani ilikuwa sahihi. Mimi niliona mpangilio umevunjika, nikadhani mchapishaji kakosea, nikanyoosha."

Nikasikia mwalimu akisogea ukutani kabisa, na miwani ikitolewa kwenye kasha. "Ee, kweli," akasema. "Ndiyo maana swali la tano."

"Ndiyo maana swali la tano," wifi akasema.

Afisa akakohoa. "Mimi nilisomea jiografia. Nielezeni kama mtu wa jiografia."

Basi hapo niliinuka kidogo, nikachungulia. Wifi alipanga bikari tano juu ya sanduku la mbao, na moja chini yake, mezani. Akachukua kiberiti cha kuwashia jiko la maabara. Akatia njiti mbili kwenye bikari ya chini, moja kichwa juu, moja kichwa chini. Juu akatia njiti moja moja katika bikari nne, zote kichwa juu. Ya tano akaiacha tupu.

"Hivi ndivyo nilivyochora. Inaonekana sawa?"

"Inaonekana sawa," afisa akasema.

"Nami iliniingia akilini vizuri sana." Akaitoa ile njiti ya kichwa chini kwenye bikari ya chini, akaigeuza kichwa juu, akaitia katika ile bikari ya tano. "Ilivyo kweli ni hivi."

"Kwa nini ipande wakati chini pana nafasi?"

"Kwa sababu kufikia hapo, chini na juu vimekaribiana mno. Nazo elektroni zinasukumana, mheshimiwa. Kukaa mbili obitali moja kuna taabu yake. Kupanda kidogo ni taabu ndogo kuliko hiyo. Kila moja ikipata yake, zote zimeelekea upande mmoja, atomu nzima inatulia. Nimelijua hilo Jumamosi. Kanifundisha mtoto wa kaka yangu."

"Kwa hiyo ile kanuni ya kujaza kutoka chini ni ya uongo?"

"Si ya uongo. Ni ya kweli mara ishirini na nane katika thelathini."

Mwalimu wa kemia akacheka, akajizuia. Lakini wifi hakuwa amemaliza, na hapo ndipo nilipomfahamu mtu ambaye nimekaa naye karibu miaka ishirini na mitano.

"Nina ombi moja," akasema, "hata kama kazi sipati. Wale wasichana walioandika kama chati, mwalimu alifute neno alilowaambia. Alama ni juu yake. Lakini wasiitwe wazembe. Walinakili walichowekewa ukutani na mtu mzima."

Wakamwambia atoke asubiri.

Akaja kukaa benchini kando yangu. Mikono yake ilikuwa inanuka kiberiti.

"Umesikia?" akauliza.

"Sikusikia neno."

"Mbona koti umelikunja mara nne, likawa kama leso?"

Nikalikunjua. Tulikaa. Wasichana wawili walipita na vitabu, wakasema "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba" kama kawaida yake. Nikawaza korido hii hii na ndoo. Nilitaka kumwambia nilimwonya, neno likafika kwenye ulimi, nikaona halina faida, nikalimeza. Badala yake nikamwuliza kama amekula asubuhi. Akasema hajala. Nikampa mkate niliokuwa nao mfukoni, akaula wote, bila kunibakizia.

Mlango ulifunguliwa, afisa akatoka yeye mwenyewe, mkuu wa shule nyuma yake.

"Mama," afisa akasema, "yule kijana mwenye cheti nilikuwa nimeshamwandikia barua. Imo humu kwenye mkoba." Akaupiga mkoba kwa kiganja. "Itabidi niandike nyingine, nimpeleke kwingine. Wewe utakuwa chini ya uangalizi miezi sita. Likizo utakwenda kozi ya wasimamizi wa maabara, majuma sita, utakaa darasani na vijana. Unaweza?"

"Nimekaa nyuma ya mlango miaka ishirini na miwili. Ndani ya darasa nitashindwa nini?"

"Na jambo moja. Ukiona kosa kwenye kitu kilichochapishwa, uliza kwanza. Usinyooshe."

"Nimesikia."

"Hata likiwa wazi kabisa."

"Hasa likiwa wazi kabisa," wifi akasema.

Afisa alipokwenda, mkuu wa shule akamshika wifi mabega yote mawili. Mimi nililia kidogo kwenye koti la maabara, kisha nikaona aibu maana lilikuwa jipya.

Nyumbani mume wangu alipopata habari alisema, "Sasa dada atakuwa hasemeki kabisa." Akaenda dukani akarudi na soda kwa kila mtu. Shemeji alipigiwa simu akiwa njiani na lori lake. Alipiga honi mara tatu ndefu, tukasikia sote kwenye simu.

Jumatano mwalimu wa kemia alisimama mbele ya kidato cha tano, akawaambia wasichana kwamba neno lile la uzembe amelifuta, na kwamba yeye pia chati aliipita kila siku bila kuisoma. Kisha akamwita wifi kutoka stoo awaeleze mwenyewe. Binti yangu ndiye aliyenisimulia. Anasema shangazi yake alisimama mbele ya ubao kwa mara ya kwanza maishani, mikono kaificha nyuma, akawaeleza kromiamu na shaba, na jinsi alivyozinyoosha. Alipomaliza, msichana mmoja wa mbele, yule ambaye haachi kuuliza, akanyoosha mkono.

"Kama ni hivyo, mama, mbona ya ishirini na tatu haifanyi vivyo hivyo? Mbona yenyewe haipandishi moja?"

Wifi alifikiri. Akatazama ubao, akatazama dari.

"Sijui," akasema.

Akamgeukia mwalimu. Mwalimu naye akasema kwa kichwa tu hawezi kulieleza vizuri, afadhali watazame. Akafungua kitabu kikubwa juu ya meza, wifi akasogea kando yake, msichana akaja akasimama upande wa pili, na kengele ikalia wakiwa bado wameinama.

Alasiri hiyo wifi alichelewa kuja barazani. Nilishona mpaka nikamaliza pindo la shuka la tatu, jicho langu liko njiani, nikianza kupata wasiwasi wangu. Alipotokea alikuwa anatembea polepole, kitabu cha maktaba kwapani, na kidole amekitia ndani kuzuia ukurasa.